Sekunde 41 za redio ya muuza mahamri

Mhariri,

Jumamosi iliyopita msomaji wenu wa Likoni aliandika kwamba mtu ambaye video yake imefutwa mtandaoni ajiulize kwanza ameiba kitu cha nani kabla ya kulia. Barua ile niliisoma mara mbili, ya kwanza kwa hasira na ya pili kwa aibu, maana nusu yake ni kweli na nusu hiyo inanihusu mimi mwenyewe.

Kati ya mwaka 2004 na 2010 nilikuwa na kibanda karibu na Mwembe Tayari, hapa Mombasa. Ubao wa nje ulisema tunapiga picha za pasipoti, lakini riziki ilitoka nyuma ya pazia, kwenye kuchoma CD. Nilikuwa na mnara wenye matundu saba. Unatia ile ya asili juu, tupu sita chini, unabonyeza, unaagiza chai. Chai haijapoa, una taarabu sita mkononi, kila moja shilingi 50. Waimbaji wenyewe hawakupata hata ndururu kutoka kwangu. Askari walipokuja wakaubeba ule mnara, sikumlaumu mtu. Mama yangu, Mungu amrehemu, alisema tu, "Haya, sasa utakula jasho lako." Kwa hiyo ndugu yangu wa Likoni asidhani anazungumza na malaika. Wizi wa kazi za watu naujua kwa ndani, najua hata ulikuwa na faida gani kwa siku.

Siku hizi napiga video za harusi. Nina kamera mbili, kijana mmoja wa kunisaidia, na dada yangu ndiye anayeingia kwenye kupamba kwa kuwa huko wanaume hatuingii. Vya wanawake haviendi mtandaoni kabisa, hayo ni makubaliano na kila familia. Kinachokwenda ni safari ya kumpeleka bwana harusi, ngoma za matwari, nikahi msikitini, wazee wakipeana mikono.

Mwezi wa pili mwaka huu tulimpeleka kijana mmoja kutoka Kibokoni. Mji wa Kale unaujua, Mhariri, vichochoro vyake ukipanua mikono unagusa nyumba mbili. Matwari yako mbele, bwana harusi katikati na bushuti lake, mimi narudi nyuma kinyumenyume na kamera huku kijana wangu amenishika mkanda nisije nikaangukia mtaro. Kwenye kona moja pana kibanda cha mahamri na mbaazi, na juu ya rafu, kando ya mtungi wa sukari, pana redio. Wimbo uliokuwa ukipigwa ni taarabu ya zamani, ya enzi za wazazi wetu. Muuza mahamri alipotuona alipunguza sauti kwa heshima, lakini hakuzima, kwa kuwa mikono ilikuwa na unga. Tukapita. Nimehesabu baadaye kwenye kompyuta: tangu redio inaanza kusikika mpaka inapotea ni sekunde 41, na nyingi kati ya hizo unahitaji kutega sikio ili uitenge na matwari.

Bibi yake bwana harusi anaishi Muscat tangu miaka ya sabini. Magoti yake hayamruhusu tena kupanda ndege, na video ile kusema kweli ilikuwa yake. Nilikesha Jumapili kuikata, dakika 22, nikaipandisha kwenye mtandao mmoja mkubwa wa video, nikawatumia familia kiungo. Asubuhi simu ikalia. "Mwanangu," bibi akasema, "nafungua naona weusi na maandishi ya Kizungu."

Maandishi yalisema kwamba kuna sauti yenye mwenyewe na mwenyewe ameizuia katika nchi kadhaa, Oman ikiwemo. Hapa Mombasa video ilifunguka vizuri, ila lilitangulia tangazo la sabuni, na pesa za tangazo hilo, kama nilivyoelezwa kwenye ukurasa wa pili, zinakwenda kwa mdai. Yaani harusi ya watu wa Kibokoni ilikuwa inauza sabuni kwa faida ya mtu nisiyemjua, kisa redio ya muuza mahamri.

Nikataka kumjua. Jina lililoandikwa ni la kampuni ya ng'ambo ambayo sikuwahi kuisikia. Marehemu mwimbaji ninamfahamu, na mwanawe wa kiume ni fundi wa friji Majengo, tunasalimiana. Nilimkuta amelala chini ya friji la soda. Nilipomuuliza kama wao ndio wameiuzia kampuni ile nyimbo za baba yao, alicheka mpaka akatoka chini ya friji. "Kaka, mimi mwenyewe nawatafuta watu hao. Ukiwapata nipe namba."

Sasa sikiliza jinsi rufaa inavyokwenda. Unapewa fomu yenye majibu ya kuchagua, na hakuna hata moja linalosema redio haikuwa yangu. Nilichagua lililo karibu, matumizi ya haki, yaani yale ambayo sheria inayaruhusu bila kumwomba mwenyewe, nikaandika maelezo kwa Kiingereza changu cha darasa la nane. Nikadhani inakwenda kwa mtu wa mtandao aitazame. La. Inakwenda kwa yule yule mdai, ana siku 30 za kuamua kama mimi nina haki dhidi yake. Wazee waliposema kumpelekea nyani kesi ya ngedere hawakuwa na intaneti, lakini waliiona.

Nina mteja mmoja, wakili, nilimpigia harusi ya bintiye, na bado alikuwa ananidai mkanda wa pili. Nikampelekea ule mkanda na tatizo langu kwa pamoja. Alichonieleza ndicho kilichonifanya niandike barua hii, kwa kuwa nadhani wengi wetu tunaochuma mkate huku mtandaoni hatukijui.

Kwanza, Kenya tuna sheria. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 ilifanyiwa marekebisho mwaka 2019, yakaingizwa vifungu vya 35A hadi 35D kuhusu watoa huduma za intaneti. Mwenye kazi akiona imeibwa, anaandika ilani ya kutaka iondolewe. Ilani iwe na saini, itaje kazi ni ipi na iko wapi. Mtoa huduma anapaswa kumjulisha aliyeiweka, na ana saa 48 za kazi za kuizuia, isipokuwa apokee ilani ya kupinga inayojibu madai hayo. Na hapa nilimwomba wakili arudie: anayepeleka ilani kwa uongo au kwa nia mbaya anatenda kosa la jinai, faini ni hadi shilingi 500,000 au kifungo. Mtoa huduma naye akifuata utaratibu huo anakuwa salama, hashtakiwi kwa dhambi za wateja wake.

Nikamwambia basi tuwashtaki. Akavua miwani. Kilichonipata mimi, alisema, si ilani ya sheria ile. Hakuna aliyetia saini. Hakuna aliyeandika chochote. Ni mashine iliyosikiliza video yangu, ikalinganisha sauti na hazina yake ya nyimbo, ikakuta zinafanana, ikatekeleza alichoagiza mdai tangu zamani: nchi hizi zuia, nchi zile tia tangazo. Hayo ni masharti ya mtandao, nami niliyakubali siku nilipofungua akaunti, "pale ulipobonyeza bila kusoma," akasema, na ni kweli sikusoma. Na kesi yoyote juu ya masharti hayo mahali pake ni California, Marekani.

Hapo ndipo ninapotaka kutulia kidogo, kwa kuwa jambo hili lina historia, na historia yenyewe imeandikwa mahakamani.

Mwaka 2007 mama mmoja wa Pennsylvania, Marekani, Stephanie Lenz, alipandisha YouTube video ya sekunde 29. Mtoto wake anacheza jikoni, na kwa nyuma unasikika wimbo wa mwanamuziki Prince, sauti yenyewe mbovu. Kampuni ya muziki ya Universal ikatuma ilani, na jina la video yake likiwa pamoja na za wengine zaidi ya 200, ikafutwa. Lenz alipinga, baada ya wiki kadhaa ikarudishwa. Wengi wetu tungeishia hapo na kushukuru Mungu. Yeye akaenda mahakamani, akisema sheria yao ya hakimiliki ya 1998 inamtaka mdai aamini kwa moyo safi kwamba kazi imetumiwa bila ruhusa ya sheria, na hawa hawakufikiria hata kidogo kama matumizi yake yalikuwa halali. Ikaonekana mahakamani kwamba kampuni ilikuwa na mfanyakazi wa kutazama video hizo, na katika maelekezo aliyopewa hapakuwa na swali la matumizi ya haki. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya huko magharibi mwa Marekani ikasema mdai ni lazima alifikirie jambo hilo kabla ya kutuma ilani.

Wakili alifurahi sana kunieleza mkia wa kesi hiyo, nami nimeufurahia. Katika hukumu ya kwanza majaji waliweka maneno ya kuzisifu programu za kompyuta, kwamba huenda zikawa njia ya kati inayofaa kwa mtu mwenye ilani nyingi za kushughulikia. Mwaka 2016 wakatoa hukumu ile ile upya, na maneno hayo hayamo. Hawakusema kwa nini. Mimi si mwanasheria, lakini mtu akikwambia jambo leo, kesho akalirudia lote akaruka sentensi moja, sisi watu wa Mombasa tunajua ya kuwa ile sentensi ndiyo ilikuwa na habari.

Bibi Lenz mwenyewe hakutajirika. Kesi ilichukua miaka 11 na ikamalizika 2018 kwa maelewano, na mahakama ile ile ilisema inatosha mdai aamini kwa dhati, hata kama amekosea. Ushindi mwembamba. Lakini walau mahakama ilitamka kwamba kufikiria ni wajibu.

Mashine zenyewe zilikujaje? Si kwamba jaji aliziamuru. Napster, mtandao wa watu kupeana nyimbo bure, ilifungwa 2001 baada ya kushindwa mahakamani, na mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawaambia Grokster, waliotoa programu ya kazi kama hiyo, kwamba anayesambaza programu huku akiwahimiza watu waibe, naye ni mwizi pamoja nao. (Niliposikia hilo niliukumbuka mnara wangu na ule ubao wa picha za pasipoti.) Kisha Viacom, kampuni ya televisheni na filamu, ikaishtaki YouTube mwaka 2007 ikidai dola bilioni 1. Katika kesi ile majaji walishikilia kwamba kujua kwa jumla kuwa wezi wapo hakutoshi, lazima ijulikane ni video ipi. Wakamalizana 2014. Kwa hiyo mtandao haukulazimishwa kuchungulia kila video. Lakini kesi ya bilioni inamfundisha mtu adabu hata akishinda, na mwaka ule ule ilipofunguliwa ndipo YouTube ilipoanzisha mfumo wake wa kutambua nyimbo. Mitandao mingine ikafuata. Matokeo yake ni kwamba kanuni za mahakama ziko pale pale, nzuri, zimepigwa pasi, na sisi tunahukumiwa kwingine.

Msinielewe vibaya. Mashine sizichukii. Mtu aliyetoka Mwembe Tayari hawezi kudai kwamba wezi hawapo, na hakuna mfanyakazi awezaye kuzitazama video zote zinazopandishwa kwa siku. Watu wa Ulaya wameliona hilo na wakalitafutia dawa. Poland ilipokwenda mahakamani kupinga kifungu kinachoisukuma mitandao ichuje kazi kabla hazijapanda, Mahakama ya Umoja wa Ulaya mwaka 2022 ilikiacha kifungu, lakini ikasema mchujo usioweza kutofautisha kazi halali na haramu haukubaliki. Na sheria yenyewe inataka malalamiko yatazamwe na binadamu. Binadamu mmoja, Mhariri, mwenye masikio mawili, angesikia matwari.

Wala mahakama za kwetu si ngeni kwa mambo haya, mtu asiseme ni ya Wazungu. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala, Dar es Salaam, iliamuru kampuni ya simu iwalipe wanamuziki Mwana FA na AY shilingi za Tanzania bilioni 2.16 kwa kutumia nyimbo zao mbili kama miito ya simu bila ruhusa, na kampuni ikakata rufaa. Mwaka huohuo hapa kwetu kifungu cha 30A cha Sheria yetu ya Hakimiliki, kinachohusu malipo ya watumbuizaji kupitia vyama vya kukusanya mirabaha, kiliwafikia majaji wawili wa Mahakama Kuu. Wa Malindi akakibatilisha kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo katika kukitunga, na wa Nairobi akakikubali. Kwa hiyo tunashitakiana sana tu. Lakini angalia wanaoshitakiana: wasanii wenye majina, makampuni ya simu, vyama. Mpiga video aliyelipwa shilingi 35,000 kwa harusi nzima hafungui kesi kwa ajili ya sekunde 41.

Kuna jambo moja ambalo wakili alinionyesha kwa kidole kwenye sheria yetu, na hilo halihitaji California. Kati ya mambo yaliyosamehewa ni kuingia kwa bahati tu kwa kazi ya sanaa ndani ya filamu au matangazo. Kazi ya sanaa maana yake ni picha, mchoro, kinyago, jengo. Yaani bwana harusi akipita mbele ya ukuta uliochorwa na msanii, sheria imeshanisamehe. Akipita mbele ya redio, muziki haukutajwa. Jicho limesamehewa, sikio halikusamehewa. Waingereza, ambao ndio tuliorithi kwao nusu ya maneno haya, katika sheria yao ya 1988 wamesamehe kazi ya aina yoyote inayoingia kwa bahati, wakaongeza sharti moja la maana: muziki ukitiwa makusudi, msamaha hakuna. Hilo naliunga mkono kwa mikono miwili. Mpiga video anayebandika wimbo wa mtu kwenye dakika tatu za bibi harusi kushuka gari, huyo alipe. Nami nikibandika, nilipe. Lakini redio ya muuza mahamri sikuibandika.

Kwa hiyo ombi langu kwa KECOBO, yaani Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, na kwa waheshimiwa wetu wa Pwani walioko Bungeni ni kwamba siku watakapoifungua tena sheria hii, waongeze muziki kwenye mstari ule mmoja. Na ile adhabu ya anayepeleka ilani ya uongo imfuate pia anayedai kwa mashine, iwapo anadai juu ya kazi iliyopandishwa kutoka Kenya. Kama mtu anaweza kuchukua pesa za tangazo langu bila kutia saini, basi walau aonyeshe karatasi iliyompa wimbo ule. Fundi wa friji angependa kuiona hiyo karatasi kuliko hata mimi.

Ndugu yangu wa Likoni atauliza kwa nini sikuiacha tu familia ichukue video kwa flashi. Ilichukua. Mjomba aliyekuwa akisafiri akaibeba, na televisheni ya bibi ikakataa kuifungua, na wajukuu wa kumsaidia wako kazini mpaka usiku. Bibi anajua kubonyeza kiungo kimoja anachotumiwa kwenye simu. Hayo mengine hayajui na hana haja ya kuyajua.

Siku ya 29 jibu lilikuja. Madai yamethibitishwa, limesema, bila neno moja juu ya nilichoandika. Ningeweza kukata rufaa nyingine, lakini ukishindwa hiyo unatiwa alama, na alama tatu zinafuta akaunti yote, harusi za miaka tisa. Niliogopa. Nikaingia kwenye kompyuta nikanyamazisha zile sekunde 41, nikaipandisha upya. Ikafunguka Muscat jioni ile ile.

Bibi akapiga simu. Alilia, akanishukuru, akaniombea dua ndefu mpaka salio likakaribia kwisha. Kisha akaniuliza kwa nini walipofika pale kwenye kona wapigaji matwari wote walinyamaza, na mikono yao inaendelea kupiga.

Mpiga video za harusi,
Majengo, Mombasa